Muhanga Wangu na Heroe wa Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Bosi ametangaza. Ukumbi wa mbele wa makumbusho una nafasi ya mnyama mmoja tu: muhanga wangu au heroe wa shemeji, yule ndege wa waridi mwenye miguu mirefu. Wote wamekaushwa na kujazwa pamba. Atakayepata wageni wachache Ijumaa anakwenda stoo. Shemeji, niliyemtafutia kazi hii mwenyewe, akauliza mbele za watu nani atakuja kutazama nguruwe mwenye masikio ya punda. Fadhila ya punda ni mateke, na punda ni yeye.

Jumanne, 4 Juni
Nimebandika ulinganisho. Muhanga: huchimba ardhi ngumu kwa kucha, hula mchwa watafunao nyumba za watu. Heroe: husimama topeni kwa mguu mmoja, kichwa chini, makalio juu. Sikuongeza chumvi. Bosi kaubandua. Nyumbani mke wangu kamtetea kaka yake, eti damu nzito kuliko maji. Na mimi ni nini, uji?

Jumatano, 5 Juni
Dawa imepatikana: uhalisia. Nimejenga shimo la udongo, nikamsukumia muhanga ndani kabisa, kwa kuwa mchana hulala chini ya ardhi. Viwiko vimechubuka. Kisha nikamwomba bosi, kwa upole, ndege wa majini naye asimamishwe majini. Miguu ya heroe ni waya na karatasi. Bosi kakubali. Nimekula vizuri.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji kaipaka miguu nta. Majini heroe anaonekana wawili, yeye na kivuli chake. Watoto wa shule hawabanduki. Shemeji kanishukuru kwa wazo, kaniita kichwa cha familia. Nimesaga meno hadi taya linauma.

Ijumaa, 7 Juni
Kwangu kaja bibi mmoja. Kachungulia shimoni, kauliza mnyama yuko wapi. Nikamwambia yumo, amelala, ni mchana. Kauliza basi aje usiku? Nikasema usiku tunafunga. Kaniita mwanangu, kaniambia nikapumzike.
Jioni bosi kaja na mkokoteni wa kumbeba aliyeshindwa. Kachungulia, kanipongeza kwa kumpeleka stoo mapema bila kinyongo.
Bila kinyongo!

Jumamosi, 8 Juni
Muhanga yuko stoo, nyuma ya viti vibovu. Nimembeba mwenyewe. Shemeji kashika mlango huku akipiga mluzi. Bosi kasema mwakani tutashindana tena.
Nimekaa, nimepima, kosa nimeliona. Shimo lilikuwa fupi. Yule bibi nusura amwone.
Mwakani nachimba kina mara mbili.