Osiepa Hataki Kulala Peke Yake

Jumatatu, 4 Agosti

Nimerudi nyumbani na mbwa. Nilimkuta nyuma ya soko la Rongo akipigwa mawe. Nikamwita Osiepa, yaani rafiki yangu kwa Kijaluo. Dorine, mke wangu, aliuliza kama mbwa mwenyewe amekubali urafiki huo. Nilimtengenezea kitanda nje, katika boksi la televisheni. Kazi safi. Mimi ni fundi wa redio, mikono yangu haikosei.

Jumanne, 5 Agosti

Alilia mpaka saa tisa usiku. Asubuhi Mama Joyline, mwenye ploti, alikuja akiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani. Alisema wapangaji wote wamekesha. Jumapili ikifika kama mbwa bado analia, aondoke.

Siku tano. Zinatosha kabisa. Mtu aliyeshiba hulala, na mbwa vilevile. Leo jioni nimempa ugali na dagaa wa omena, sufuria nzima.

Jumatano, 6 Agosti

Alishiba. Akatapika. Kisha akalia kwa nguvu mpya aliyoipata kwenye ugali wangu.

Chrispine wa chumba cha tatu alisema mbwa wake hulala kama gogo. Sikuwa nimemuuliza.

Nimeelewa tatizo. Anakosa sauti yangu. Nimejirekodi nikisema, "Lala, Osiepa, lala," kwa upole. Itajirudia usiku kucha kwenye spika. Fundi ni fundi.

Alhamisi, 7 Agosti

Alinyamaza dakika kumi. Kisha akaanza kunitafuta ndani ya spika. Ameitafuna yote, mpaka sumaku. Ilikuwa ya mteja.

Asubuhi ploti nzima ilinisalimia kwa maneno yale. Hata mtoto wa Mama Joyline, wa miaka mitatu, aliniambia nilale.

Chrispine alishauri nimfunge Osiepa kamba fupi, azoee. Nilikubali ili anyamaze, Chrispine, si mbwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sipendi kuandika haya. Alipoiona kamba, Osiepa alijikojolea akatetemeka. Hakulia hata kidogo. Dorine alitoka na kisu cha jikoni, akaikata kamba bila kunitazama. Kisha akanionyesha shingo ya mbwa, chini ya manyoya. Kovu, mviringo mzima.

"Huyu alifungwa akaachwa," alisema. "Anaogopa kuachwa tena. Wewe kila usiku unamfungia mlango."

Alitandika gunia ndani, karibu na mlango. Nilisema mbwa halali ndani ya nyumba ya watu. Alisema basi mimi nikalale naye nje. Nilichukua blanketi nikalala kwenye gunia, kwa uchunguzi tu. Osiepa aliniwekea kidevu juu ya mguu. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya omena.

Niliamka jua limeshachomoza. Yeye pia.

Jumamosi, 9 Agosti

Dorine ana ratiba. Matembezi jioni mpaka kwenye mashamba ya miwa, chakula kidogo, kisha gunia, kila siku saa ileile. Hakuna kelele, hakuna kumbembeleza. Mimi nirudi kitandani. Mbwa anione tu kutoka alipo.

Usiku alinyanyuka mara mbili. Alikuja mpaka kitandani, akanusa mkono wangu, akarudi kwenye gunia lake. Nilijifanya nimelala. Sijui kwa nini nilifurahi hivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Kimya. Usiku mzima.

Mama Joyline alikuja baada ya kanisa. Alisimama mlangoni akamtazama Osiepa, aliyekuwa chali, miguu juu, akikoroma mchana kweupe. Alisema abaki. Kisha akauliza nimefanyaje. Nilimweleza kwa kirefu kwamba ugali, sauti na subira, kwa mpangilio wa kitaalamu, hufanya kazi polepole ndani ya mbwa na matokeo huonekana siku ya tano. Dorine alikohoa mpaka akaenda kunywa maji.

Alipokuwa huko ndani, Mama Joyline aliniambia dada yake wa Kosele ana mbwa watatu. Wote hubweka mpaka alfajiri. Majirani wamechoka.

Nilimwambia hiyo ni kazi ya siku tano. Kesho saa mbili naenda kuwachukua mbwa hao. Dorine bado hajui. Ni vizuri awakute tayari wamezoea nyumba.