Kifaru cha Vipande Mia Mbili na Kumi na Vinne

Jumapili, 3 Machi

Nimefika nyumbani kwa kina mchumba wangu saa kumi kamili. Kusema kweli nilikuwa nje ya geti tangu saa tisa na nusu, nikihesabu matofali ya ukuta.

Mama yake ni mtu wa watu. Chai, maneno, chai tena. Baba yake ndiye mtihani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanyamaza. Dakika arobaini! Saa ya ukutani ilisikika kama mtu anayepigilia misumari. Juu ya saa kuna picha: Mzee akiwa kijana, ndani ya sare, ameegemea kifaru cha vita. Familia nzima inajua kwamba Mzee aliendesha vifaru miaka kumi na minane. Mtu aliyeendesha chuma kile ataniona mimi nani? Karani wa masjala. Kilo hamsini na nne. Bado sijathibitishwa kazini.

Hapo akaingia Fundi. Huyu amemuoa dada mkubwa wa mchumba wangu, ana gereji yake, na viganja kama makoleo. Mama akaanza kunionyesha: bomba lile Fundi, paa hili Fundi, hata kochi ulilokalia, mwanangu, mguu wake wa kushoto ni kazi ya Fundi. Nikaogopa kuegemea. Fundi akaniuliza mbele ya wote: na wewe, bwana mdogo, mikono yako inajua nini zaidi ya kugonga mihuri?

Misumari ikaendelea kupigiliwa. Nikatazama ile picha, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema kwamba mimi hutengeneza vifaru. Vidogo. Vya plastiki. Vya kuunga na kupaka rangi. Tangu utotoni.

Sijawahi kuunga hata boksi la karatasi.

Mzee akageuza shingo kwa mara ya kwanza. Akasema, "Lete." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Jumapili ijayo." Mama akafafanua kwa furaha kwamba siku hiyohiyo Mzee atatoa jibu kuhusu sisi wawili. Kwa hiyo ndoa yangu imepakiwa juu ya kifaru ambacho hakipo.

Mchumba alinisindikiza hadi getini. Akaninong'oneza: tangu utotoni wapi, mwenzangu? Nikamwambia tangu dakika tano zilizopita. Alicheka mpaka akashika nguzo.

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua! Muuzaji aliuliza mtoto ana umri gani. Nikasema ishirini na sita.

Boksi linasema vipande mia mbili na kumi na vinne. Naishi na dada yangu, msusi, na sebule yetu ndiyo saluni yake. Amenipa kona ya meza kwa masharti mawili: gundi isiguse viti vya wateja, na nisimweleze mteja yeyote habari za vita wakati anasukwa.

Nikafungua. Vipande vimeshikamana na fremu za plastiki, tisa kwa jumla, kama nguo kwenye kamba. Mtu mwenye pupa angeanza kubandika palepale. Mimi si mtu wa pupa. Masjala imenifundisha kwamba jambo haliguswi kabla halijapangwa. Nimekata vipande vyote kutoka kwenye fremu, kimoja kimoja. Nimevisugua kwa msasa. Nimeviweka kwenye bahasha, kila bahasha na kichwa chake cha habari: Duara. Mraba. Vyenye Ncha. Vidogo. Vidogo Sana. Mengineyo.

Fremu tupu nimezivunjavunja na kuzitupa. Gari la taka limepita saa mbili usiku na kuondoka nazo. Meza safi kabisa. Nadhani nina kipaji.

Jumanne, 5 Machi

Hatua ya kwanza ya maelekezo: unga A7 na A12.

Nikachukua kipande, nikakigeuza. Hakina namba. Nikachukua kingine. Hakina. Nikamwaga bahasha yote ya Vidogo. Hakuna!

Namba zilikuwa kwenye fremu.

Nimekaa chini sakafuni, katikati ya nywele za wateja. Dada ameniuliza kama nimefiwa. Nimemwambia karibu.

Ofisini hali haikuwa nzuri pia. Asubuhi nilikuwa nimetoa nakala za yale maelekezo ili niyasome kwa siri baina ya majalada. Kwa hofu ya kuonekana nikakusanya haraka, na ukurasa wa nne ukaingia kwenye rundo la Mkuu wa Sehemu. Umerudi saa nane. Amesaini. Chini ya mchoro wa magurudumu ameandika kwa wino mwekundu: "Nimeona. Itekelezwe mara moja."

Kwa hiyo kifaru sasa ni agizo.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamua kuunga kwa hisia. Kipande kinachoonekana kumpenda mwenzake nawabandika. Hadi saa kumi na moja nilikuwa nimepata kitu. Dada akawauliza wateja ni nini. Watatu wamesema pasi. Mmoja, bibi mwenye heshima zake, amesema kiatu cha mtu aliyevunjika mguu.

Mchumba amekuja kutoka zamu. Ni nesi, ana subira ya kuuguza mawe. Amechukua maelekezo, akafungua ukurasa wa kwanza, akanitazama, akautazama tena ukurasa. Fremu zote tisa zimechorwa pale, kila kipande na umbo lake na namba yake. Nikamweleza kwamba niliuchukulia ukurasa ule kama jalada tu, nikauruka. Aliuma kanga yake ili asicheke mbele ya wateja.

Tumebandua ile pasi. Tumeanza upya. Yeye anatafuta kwenye picha, mimi natafuta kwenye bahasha, anatamka namba kama anaita wagonjwa. Magurudumu kumi na mawili yamekaa! Mnyororo wa kushoto umekaa! Tukafika mahali gundi ikaganda baina ya kidole changu na chake, tukakaa tumeshikana robo saa nzima mpaka Dada alipoleta maji ya moto. Alichelewa kwa makusudi. Sikulalamika.

Jumatano bora maishani mwangu.

Alhamisi, 7 Machi

Kimesimama! Kina kichwa, kina mzinga, kina mfuniko wa dereva. Nimekisukuma mezani huku nikinguruma taratibu, mlango ukiwa umefungwa.

Tatizo dogo. Vimebaki vipande kumi na tisa, karibu vyote vya bahasha ya Mengineyo. Nimeangalia picha mara tatu. Siwezi kuvipatia mahali. Fundi akiviona nimekwisha, maana mtu wa gereji anajua kwamba kinachobaki baada ya kufunga ndicho kilichokuwa kinaendesha gari.

Nikapata akili. Nimevimimina vyote kumi na tisa ndani ya tumbo la kifaru, nikapaka gundi kwenye mshono, nikafunga. Hakuna ushahidi! Karani mzuri ndivyo anavyofanya: hakuna kinachopotea, ila hakuna anayekipata.

Baadaye nimegundua kwamba nimegandisha na mfuniko wa dereva. Haufunguki. Basi. Rangi ya kijani imepakwa, mkono mmoja, pamoja na nywele tatu za mteja wa saa tisa.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya fedheha.

Rangi haikuwa imekauka. Nimetoka kazini, nikakuta draya moja ya Dada iko wazi, ile yenye kofia kubwa. Nikaweka mto juu ya kiti, kifaru juu ya mto, nikashusha kofia. Kiti cha pili alikaa mteja amefunga macho. Akafumbua, akamtazama jirani yake, akafumba tena.

Dakika kumi nilizokusudia zikawa ishirini na tano, kwa sababu Fundi aliingia. Kumbe amemleta mkewe kusukwa. Nikasimama mbele ya draya nimetandaza mikono kama golikipa, nikimsalimia shemeji mara nne mfululizo. Fundi akanyanyua kofia kwa kidole kimoja.

Rangi imekauka. Mzinga umelegea. Ulikuwa umeinama hadi kwenye mto, laini, wenye huzuni, kama kifaru kimesikia habari mbaya.

Fundi akaniuliza kimedondosha nini huko chini. Akauliza kama kinalala au kinasali. Nikamwambia, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kwamba vifaru vikiwa mapumzikoni ndivyo vinavyokaa. Alicheka mpaka akaletewa maji. Kisha, lazima niandike ukweli, akasema atanitengenezea mwingine kwa bomba la shaba, ni kazi ya dakika mbili tu. Nikakataa huku nimeinua kidevu. Kesho kutwa mama mkwe asije akasema na mzinga nao ni Fundi!

Jumamosi, 9 Machi

Usiku nimeota nafunga ndoa na draya.

Asubuhi nikatafuta kitu chochote chembamba, kirefu, kilichonyooka. Nimejaribu mrija: umepinda. Kijiti cha kuchokonolea sikio: kinaonekana kilivyo. Kisha nikajipapasa mfuko wa shati. Kalamu! Ile nyeusi ya ofisini, ambayo ukipewa lazima usaini daftari. Nimetoa wino, nimekata kwa kisu cha mkate, nimepachika, nimepaka kijani. Mzinga mpya unaelekea mbele kama mtu aliyeitwa kwa jina!

Kilichonisumbua ni kile kitundu kidogo ubavuni mwa kalamu. Rangi haikukiziba. Nimeamua kwamba ni cha kupumulia.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianze wapi.

Wote walikuwepo. Nimeweka kifaru mezani, nikarudi nyuma hatua tatu. Mzee akakinyanyua kwa mikono miwili. Kikalia: kakara-kakara-kakara. Vile vipande kumi na tisa!

Fundi akaruka kama aliyekuwa akisubiri zamu. Kuna kitu kinacheza ndani, Mzee! Mzee hakuinua macho. "Ni wanajeshi," akasema. "Wanapanga viti."

Mama akaweka birika chini. Inaonekana hakuna aliyewahi kumsikia Mzee akitania. Fundi akasema mfuniko nao haufunguki. Mzee akajibu kwamba vizuri, vumbi halitaingia. Fundi akaanza kueleza kwamba Ijumaa aliuona mzinga huu kwa macho yake mwenyewe, umelala. Mzee akamwambia kuna bomba linavuja huko nyuma ya nyumba, akalitazame. Halafu akaninyooshea kidole, akaingia chumba cha pili. Nikafuata. Akafunga mlango. Nikamuaga mama yangu moyoni.

Akaweka ukucha juu ya kile kitundu. Akauliza, "Nyeusi au ya buluu?"

Nikasema nyeusi, Mzee.

Akauliza kama siku hizi bado mnasaini mkipewa. Nikamwambia tunasaini, na hupewi mpya mpaka urudishe iliyokwisha. Akatikisa kichwa kwa huruma kubwa. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kalamu kama ileile, imefungwa utepe wa gundi katikati.

Ndipo akanifungulia siri: Mzee hajawahi kuendesha kifaru. Hata mita moja! Miaka kumi na minane alikuwa karani wa stoo ya vipuri. Siku ya picha alikuwa amekwenda kuhesabu magurudumu, mpiga picha akapita. Watu wakaona picha, wakajazia wenyewe. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusahihisha, na sasa amechelewa miaka thelathini. Ndiyo maana hafungui mdomo wageni wakija. Anaogopa mtu asije akamuuliza habari za gia. Mimi nilidhani ni ukali!

Aliingia ndani ya kifaru mara moja tu, kuhakiki vifaa. Akakwama kwenye mfuniko, wakamvuta watu wanne. Akaupapasa mfuniko wangu uliogandishwa, akasema huu ndio sahihi.

Nikamwambia kuhusu fremu na bahasha. Akanishika bega. Mwaka wake wa kwanza alivua lebo zote za vipuri ili avipange kwa ukubwa. Mkubwa wake alilia. Akaniuliza bahasha gani ilijaa zaidi. Nikasema Mengineyo. Hapo Mzee akacheka mpaka machozi, akinipiga mgongoni, mimi nikikohoa, kifaru kikilia kakara-kakara mkononi mwake.

Tulipotoka, sikio la Fundi lilikuwa usawa wa tundu la ufunguo; alichoambulia ni kicheko tu. Mzee akatangaza kwamba kijana anavifahamu vifaru na jibu ni ndiyo. Mama akapiga vigelegele. Mchumba alinitazama kwa jicho la kuuliza. Sikusema, na sitasema. Fundi akanipa mkono. Vidole vyangu vitapona.

Jumatatu, 11 Machi

Kifaru kimewekwa chini ya picha, juu ya kitambaa cha kufuma. Mama amenipigia simu ofisini kuniambia. Kisha akasema kaka yake, mjomba wa mchumba wangu, anakuja Jumapili. Amefanya kazi ya ndege maisha yake yote. Akauliza, mwanangu, ndege nazo unaziweza?

Ningeweza kusema hapana. Nilifungua mdomo niseme hapana. Nikasikia: tangu utotoni, Mama.

Basi, ndege ninayo. Vipande mia tatu na arobaini. Sina wasiwasi, maana sasa mimi ni mtu mwenye uzoefu, na mtu mwenye uzoefu harudii kosa. Nimekaa nikatafakari kosa la wiki iliyopita, nikaliona waziwazi: nilipanga kwa maumbo.

Leo nimekata vipande vyote, nimevisugua, nimevipanga kwa rangi. Gari la taka limepita saa mbili usiku na kuondoka na fremu. Kazi ilikuwa nyepesi mno, na bahasha imetosha moja tu.

Kijivu.