Mizinga Tisa na Simu Moja

Jumatatu, 11 Novemba

Mizinga tisa. Nyuki hakuna. Leo Mama Adelina, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafuga nyuki, ametangaza kwamba Jumapili baada ya ibada atakagua manzuki, yaani mahali pa mizinga, ya kila mwanachama hapa Kwihara. Asiye na walau mzinga mmoja wenye nyuki, sehemu yake msituni anapewa mwingine. Mwingine! Wote waligeuka kumtazama jirani yangu Masolwa. Masolwa akatazama viatu vyake, eti mnyenyekevu.

Ile sehemu ni ya marehemu baba. Yeye, Mzee Ngollo, alitundika mizinga kwenye miyombo ile kabla mimi sijazaliwa. Nikiipoteza, sijui nitapitaje karibu na kaburi lake. Sikubali.

Mpango: watu wa mjini Tabora wanaogopa nyuki. Nitawafuata hao nyuki huko huko, nitawabeba, nitawatia kwenye mizinga yangu. Bure! Nimebandika matangazo Isevya, Ipuli na sokoni: NYUKI WANAKUSUMBUA? MPIGIE DEUS. ANAKUJA KUKUPIGA MZINGA PAPO HAPO. Mke wangu Flavia amesoma, akacheka mpaka akakaa chini. Hataki kusema kwa nini.

Jumanne, 12 Novemba

Simu kumi na moja asubuhi. Tisa ni matusi. Kumbe kwa vijana wa mjini kumpiga mtu mzinga ni kumwomba hela! Bwana mmoja kasema ameona ombaomba wengi, lakini wa kujitangaza kwa karatasi ndiye mimi wa kwanza. Mimi mzinga wangu ni wa gome la mti, jamani. Maneno ya Dar yatatumaliza.

Simu ya kumi: Mwalimu Anselm, mstaafu wa Ipuli. Nyuki wanavuma ndani ya kabati la ukumbi wa kwaya tangu Jumapili. Nimekwenda na kofia ya wavu, bomba la moshi na mzinga. Nimefukiza nusu saa. Wanakwaya wamekohoa kwa sauti zote nne. Nimefungua kabati kwa ujasiri mkubwa. Spika. Ya kinanda. Walisahau kuizima.

Nimemshauri Mwalimu aizime. Amenishukuru, ila ameniuliza harufu ya moshi inatokaje kwenye majoho thelathini. Nimemjibu kitaalamu: yafuliwe.

Jumatano, 13 Novemba

Simu ya kumi na moja ilitoka Goweko. Mkulima wa tumbaku anaitwa Sayi, bani lake la kukaushia limejaa nyuki. Nimepanda basi la alfajiri na gunia langu. Wapo kweli! Wamening'inia chini ya paa, kwenye kitu kama karatasi iliyokunjwa. Wembamba kiunoni. Sayi alianza kusema kwamba akiwaangalia vizuri anaona kama ni nyigu. Nikamuuliza mtaalamu hapa ni nani. Nikamweleza kwamba nyuki wa Goweko wanakonda kwa sababu ya tumbaku.

Nimewafunga guniani. Gunia lina tundu. Nimejua ndani ya basi. Abiria nao wamejua.

Jicho la kushoto limefunga kabisa. Flavia amemtazama mmoja aliyebaki kwenye kola ya shati langu. Amesema nyigu. Basi, ni nyigu.

Alhamisi, 14 Novemba

Sitadanganywa tena. Kuanzia leo nawahoji watu kwa simu kabla sijainuka kitini.

Amepiga Recheli, fundi cherehani wa Isevya. Amesalimia vizuri, akasema nyigu wamejazana dirishani kwake, wameshikana, kishada kizima ukubwa wa kikapu, na wala hawaumi mtu. Nikamkatiza hapo hapo. Mimi ni wa nyuki, dada yangu, nyigu nimeshawajua. Ampigie Masolwa. Nikampa namba kwa moyo mmoja. Masolwa na nyigu! Nimecheka peke yangu mpaka jicho likauma.

Jioni Masolwa amepita mbele ya nyumba yangu na baiskeli. Nyuma amefunga mzinga kwa mpira, na mzinga unavuma. Nyuki! Kundi zima, na malkia wao. Kumbe Recheli, mama wa watu, hajui nyigu wala nyuki. Masolwa ameshuka na kunishukuru kwa mikono miwili. Sijala chakula cha jioni.

Jumamosi, 16 Novemba

Mpango bora kuliko yote. Mama Adelina hafungui mizinga. Anagonga mara mbili, anaweka sikio, akisikia mvumo anaandika. Ana sikio kali, lakini sikio halina macho!

Nimekwenda kwa Masolwa kumtembelea, mtu na jirani yake. Tumekaa karibu na mzinga wake mpya huku simu yangu inarekodi mfukoni. Dakika arobaini. Ameniletea chai ya maziwa na mihogo, akaniuliza jicho linaendeleaje. Nimeona aibu kidogo. Nimekunywa vikombe vitatu.

Jumapili, 17 Novemba

Mama Adelina amegonga mzinga wa kwanza. Vuuum! Ameitikia kwa kichwa, ameridhika, amefungua daftari. Nimetazama juu kumshukuru Mungu.

Hapo mzinga ukaanza kuimba. Wimbo wa kwaya, ubeti mzima, na kibwagizo. Mama Adelina akaniambia nipokee, huenda ni malkia. Alikuwa Mwalimu Anselm: majoho wameyafua mara mbili, sasa wajaribu limau? Watu walilala chini kwa kicheko.

Masolwa hakucheka. Aliomba mizinga mingine igongwe kwanza kabla sijaondolewa, kwa sababu Mzee Ngollo ndiye aliyemfundisha kupanda mti kwa kamba. Akagonga mwenyewe. Wa pili, kimya. Wa tano, kimya. Wa nane, kimya. Wa tisa ni ule ulioangushwa na upepo mwezi wa nane. Nilikuwa sijaurudisha juu, kwa uvivu tu. Masolwa akapiga magoti kwenye majani, akagonga, akainua mkono.

Nyuki! Wenyewe! Wamekuja bila tangazo. Nimelia mbele za watu na sijali.

Mama Adelina ameamua: nyuki hao wakiwepo mpaka Pasaka, sehemu ya baba ni yangu moja kwa moja. Sharti moja. Nisiuguse mzinga kwa wiki tatu. Kundi jipya likisumbuliwa huhama. Amerudia mara mbili, akinitazama kwenye jicho zima.

Jumatano, 20 Novemba

Sijaugusa. Nimeufungua tu. Juzi mara moja, jana mara tatu, leo mara nne, maana mtu aliyewahi kubeba nyigu kwenye basi lazima ahakikishe. Ni nyuki! Wanene kiunoni, wenye afya. Nimewapulizia na moshi kidogo wazoee. Mwalimu Anselm naye amekuja kuwaona, nikamfunulia.

Saa sita mchana wametoka wote kwa pamoja. Wingu zima! Mvumo mzuri ajabu. Wamezunguka juu ya miyombo, kisha wakashika njia ya upande wa kwa Masolwa. Flavia ameniuliza kwa sauti ya upole kama hapo hawahami. Nimemweleza kitaalamu kwamba mvua zimeanza, maua yamefunguka, kundi lenye nguvu haliachi mtu nyumbani. Wamekwenda kazini.

Nimewangoja hapa chini ya mti tangu mchana. Sasa giza linaingia na hawajarudi hata mmoja. Wachapakazi kweli!