Habari za Bandeji Iliyohama Mguu

Siku shangazi alipolala mchana asiamke, kitambaa kilikuwa bado chini ya sindano ya cherehani yake, na televisheni ya sebuleni ilikuwa imezimwa. Ikabaki imezimwa. Hapo ndipo inapoanzia habari hii kuu. Sogeeni basi, enyi mlioketi na enyi mlioegemea mlango, wekeni chini simu zenu, mnipe masikio, niwasimulie vita vilivyopiganwa juu ya kochi letu, ambavyo baba yangu, fundi bomba, Simba wa Mifereji, Mfalme wa Koki Zinazovuja, alivipigana bila upanga wala ngao, amevaa soksi moja.

Mjue kwanza chanzo chake. Kila Jumapili alasiri huonyeshwa kichekesho cha zamani cha wanajeshi wa kambi moja iliyo nyuma kabisa ya mapigano, watu ambao hawajapata kumwona adui ila kila wiki wanapoteza buti. Waliokitengeneza walikuwa na haraka zao. Chupa huvunjika, na baada ya kufumba na kufumbua ipo mezani, imejaa. Baba akiona kosa la namna hiyo alikuwa akinguruma, "Tobo!" na dada yake mkubwa, yaani shangazi, aliyemlea tangu akiwa hajui kufunga vifungo, alipaswa kuliziba kwa maelezo kabla matangazo ya biashara hayajaisha. Akishindwa, aoshe vyombo; akiliziba, aoshe baba. Shangazi hakuosha hata sahani.

"Tobo! Sajini kaingia mlangoni na masharubu, katokea upande wa pili hana!"

"Kanyoa njiani. Kwani korido ile umeipima, fundi?"

"Tobo! Huyu mpishi si alipigwa kombora juzi? Mbona anamenya viazi?"

"Alizirai tu. Jeshi lina haraka ya kuzika."

Mama hakuwa na upande katika vita hivyo. Alikunja nguo pembeni na kusema, "Mnanichosha nyie."

Tulipomzika Mziba Matobo, Jumapili zikawa ndefu. Baba alipanda darini kukagua tangi la maji ambalo halikuwa na shida yoyote. Kisha asubuhi moja ya Jumapili akatamka kwamba televisheni apewe jirani, aje aichukue jioni. Nilijua ikitoka mlangoni, sauti ya shangazi imetoka nayo.

Alasiri waya ulikuwa umeshakunjwa pale mama aliposimama kati ya baba na meza.

"Usimpe mtu kitu kibovu, mume wangu. Ijaribiwe kwanza."

Akaichomeka. Na saa, enyi mashahidi wa mambo makuu, ilikuwa saa ileile. Kambi ikatokea, buti zimepotea, na Kapteni amelala kitandani, mguu wa kulia umefungwa bandeji nene kama mto. Nesi wa kambi, mnene mwenye ukali, akapita, akamkaripia, akatoka. Kapteni akainuka. Bandeji ilikuwa mguu wa kushoto.

Baba aliliona. Nililiona taya lake likicheza. Lakini shujaa atamshambulia nani, ikiwa ngome haina mlinzi? Akainamia waya auchomoe.

Ndipo mama, ambaye miaka yote alikunja nguo, akainua mkono wake na soksi ya baba ndani yake kama bendera, akapaza sauti iliyotikisa vikombe kabatini:

"Tobo!"

Matangazo yakaanza. Baba akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akatazama kochi.

"Mimi si mzibaji," alisema. "Mimi ni mtoboaji."

"Basi nenda kaoshe vyombo."

Simba akajikusanya. "Sikilizeni. Kapteni ni mtu wa mbinu. Adui anachungulia kwa darubini. Kafunga mguu mzima ili adui asijue ulioumia."

"Ili apigwe hata huo mzima? Mbinu gani hiyo, mume wangu? Nenda jikoni."

Ngome ya kwanza ikaanguka. Kwenye skrini sabuni ilishauzwa, ikaanza dawa ya meno. Baba alijifuta uso. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Yule nesi ni dada yake. Dada yake mkubwa. Kamfungua bandeji aisafishe, kaifunga mguu usio wenyewe. Sasa wewe, dada yako mkubwa akikufunga mguu usio wenyewe, utamwambia? Unanyamaza. Unachechemea na ule aliokuchagulia."

Lakini mama hakuwa askari wa kulegea.

"Kapteni alisema hana ndugu. Kipindi kile cha treni. Alisema, 'Nilizaliwa peke yangu.'"

Nikaduwaa. Kumbe miaka yote ile nguo zilikunjwa kwa mikono tu, masikio yalikuwa kambini! Dawa ya meno ikamaliza kung'aa. Muziki wa kambi ukaanza kupanda, na baba, akiwa na pumzi moja tu iliyobaki, akasimama juu ya soksi yake moja na kutamka:

"Siku hiyo walikuwa wamenuniana!"

Kapteni akarudi, akichechemea na mguu wa kushoto.

Mama alicheka mpaka akakaa chini, halafu akajifuta macho kwa ile soksi, akanyanyuka, akaenda kuosha vyombo bila kulalamika, kama wafanyavyo majemadari walioshindwa kwa haki. Jirani alipobisha hodi, baba alifungua mlango nusu.

"Utuwie radhi, jirani. Vita bado."

Iandikwe basi, wajukuu waikariri, kwamba siku hiyo mtoboaji aliziba, na televisheni haikutoka.

Siku hizi mama ndiye anayepiga kelele za tobo, na baba ndiye anayejibu; vyombo vingi anaosha baba. Vita vya kambi ile vinaisha mwezi ujao. Kituo cha televisheni kimetangaza kwamba Jumapili itakayofuata vitaanza tena tangu kipindi cha kwanza.