Atomaiza ya Matundu Saba: Hotuba ya Naibu Meya wa Vathirema

Padre Grigoris, paroko wetu na mwombezi wa barabara zetu. Mheshimiwa Meya, ambaye hayupo kwa sababu ya jino. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkoa, ambaye kiti chake mnakiona. Mheshimiwa Kamanda wa Zimamoto pamoja na gari lake. Waheshimiwa Wenyeviti wa vijiji saba vinavyounda Manispaa hii, ambao siwataji majina ili tusirudie ya mwaka jana. Mheshimiwa Rais wa Chama cha Wafuga Nyuki. Wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo, na wa ile kamati inayochunguza kamati ndogo. Mabibi na mabwana, na ninyi mliotoka ibadani mkapitia hapa kwa ajili ya kahawa ya bure na halua:

Kristo awe nasi. Hamjambo? (Hatujambo!) Afya zenu? Bi Sultana, goti limepoa? (Bi Sultana, mstari wa mbele: "Goti liache, mwanangu Anestis, sema habari ya kiwanda.") Watoto walioko Ujerumani wanapiga simu? Mbuzi wamezaa? Nauliza kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza. Sikusoma sana, mnajua, sekondari niliiona kwa nje tu, lakini Mungu alinipa moyo wa kuuliza hali za watu, na huo moyo ndio ulionifikisha kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

Nimeona pia, na sitajifanya sijaona, kwamba Mzee Prodromos Kelesidis, fundi wetu wa kukereza chuma, yuko pale mlangoni mwa ghala la zamani la tumbaku, juu ya trekta lake, na mnyororo begani, na kwamba amekuja kudai mashine yake ya kukereza ambayo Manispaa iliiazima miezi kumi na tisa iliyopita kwa ajili ya mradi huu tunaouzindua leo. Mzee wangu, zima trekta kwanza. Tutafika huko. (Trekta halizimwi.) Basi nitapaza sauti.

Ndugu zangu, kwa kuzingatia dira ya maendeleo ya Manispaa, na kwa mujibu wa mpango mkakati wa miaka saba ambao sasa unaingia mwaka wake wa tisa, na baada ya upembuzi yakinifu uliofanywa na wadau wote muhimu, yaani mimi, ninayo furaha isiyo na kifani kuwatangazia uzinduzi wa Kiwanda cha Atomaiza cha Vathirema, humo ndani ya ghala! (Makofi. Zimamoto wanapiga king'ora, mtoto analia.)

Atomaiza, kwa wale ambao hamkuwahi kuacha sigara kwa sababu hamkuwahi kuianza, ni kile kichwa cha sigara ya mvuke kinachokaa juu ya betri, kitangi cha chuma na kioo kisichozidi kidole gumba. Ndani yake mna kitako, juu ya kitako mna waya uliosokotwa mizunguko sita, katikati ya waya imepita pamba, pamba inanyonya maji yenye ladha, waya unashika moto, maji yanakuwa mvuke, na mvuke unapanda kwenye kibomba kama sala. (Padre Grigoris anakohoa.) Kama sala ya mtu mwenye haraka, Padre.

Na hii yetu ni ya kusuka mwenyewe, maana yake waya ukiungua hutupi kifaa kama watu wa Athene wanavyotupa mikate. Unalegeza skrubu mbili, unatoa waya uliochoka, unasuka mpya, unapitisha pamba safi, maisha yanaendelea. Tena ni ya mdomo kwanza, pafu baadaye: unavuta mvuke mdomoni, unatulia kidogo, unafikiri dhambi zako, ndipo unaushusha kifuani, kama babu zetu walivyovuta tumbaku waliyoilima wenyewe, si kama vijana wa siku hizi wanaovuta moja kwa moja kifuani kisha wanatoa wingu la kupotezea kondoo. (Vicheko. Sauti nyuma: "Mwanao huyo!") Ndiyo, mwanangu. Namwombea.

Sasa nije kwenye usanifu, ambao ndio fahari yangu.

Kila atomaiza duniani inahitaji tundu la kuingizia hewa. Kamati ilipoketi mara ya kwanza, Mwenyekiti wa Mesohori akauliza, tundu hilo litakuwa la kijiji gani? Swali zito. Tuliketi mara kumi na moja. Katika kikao cha nne mtu alirusha jibini. Katika kikao cha kumi na moja, baada ya kusali, likapatikana suluhisho ambalo naamini lilitoka juu: atomaiza ya Vathirema itakuwa na matundu saba, kila kijiji tundu lake! (Makofi ya muda mrefu kutoka pande saba.)

Wataalamu wakatuambia kwamba ukifungua matundu saba kwa pamoja huvuti mvuke, unanyonya dirisha. Hatukukata tamaa. Tukaweka pete ya kuzungusha, ambayo hufungua tundu moja na kufunga mengine sita, na kwa kuwa vijiji ni saba na siku za juma ni saba, kila kijiji kikapewa siku yake. Jumapili ikaenda Vathirema mjini, kwa sababu hotuba naandika mimi. (Zomeazomea.) Na ukubwa wa kila tundu ukapangwa kwa haki tupu, kulingana na idadi ya wakazi: Vathirema milimita mbili, Mesohori moja na robo, Ano Petra sufuri nukta nane, na kuendelea kushuka hadi Karidia, yenye wakazi kumi na mmoja, ambayo tundu lake halipitishi hata mwanga.

(Mwenyekiti wa Karidia anasimama: "Hii ni dharau! Nimelivuta tundu letu kwenye mchoro wenu, hakuna kitu!") Mheshimiwa, mchoro hauvutwi. ("Na tutakapovuta lenyewe?") Macho ndiyo yatakayotoka. Lakini nisikilize, ndugu yangu: ndiyo maana tumewapa Ijumaa, siku ya mfungo! Watu wote wa Manispaa, Ijumaa, watafunga kwa heshima ya Karidia! ("Na anayetaka kuvuta Ijumaa?" anauliza mtu.) Atubu. (Mwenyekiti wa Karidia anachukua kofia yake na kuondoka.)

Na kwa kuwa tumegusa mfungo, na hii ni Jumapili ya tatu ya Kwaresima, niwatoe hofu. Nimekaa na chupa ya maji ya mvuke, nimevaa miwani, nimesoma kila neno. Hamna nyama. Hamna maziwa. Hamna yai. Gliserini yake ni ya mimea. Ladha ya tini ni ya tini. Kwa hiyo inafaa kwa mfungo. (Padre Grigoris: "Mimi sijasema hivyo.") Padre hajasema hivyo, ila hajasema vinginevyo, na mimi nimelala nalo vizuri.

Takwimu, ndugu zangu! Asilimia sitini na nne ya wananchi waliohojiwa wamesikia habari za mradi huu, asilimia thelathini na moja hawasikii vizuri, na waliobaki walikuwa machungani. Orodha ya wanaosubiri atomaiza yetu imefika majina mia nne na kumi na mawili, na ugomvi wa nani apate namba moja umemalizika baada ya namba moja kupewa Askofu, ambaye havuti. Ninyi wenyewe mtaona ubora wake. Tazameni. (Naibu Meya anatoa mfukoni sigara ya mvuke, anavuta, anafumba macho.) Ahh. Mdomo kwanza. Pafu baadaye. Sikilizeni ladha hiyo.

(Bi Sultana: "Hiyo si ya kiwanda, Anestis! Hiyo ni kazi ya Prodromos! Ulinunua mwaka ule wa theluji, mimi nilikuwepo, ukamlipa na asali juu!")

Bi Sultana, mama yangu, hii ni… hii ni sampuli ya kuonyesha mwelekeo.

("Igeuze chini tuone jina!" "Igeuze!" Kelele.)

Sawa. Sawa! Imeandikwa Prodromos. Ina tundu moja. Siwezi kusema uongo wakati kengele za kanisa hazijapoa. Nimeivuta miaka minane, pamba nabadilisha kila Jumamosi kabla ya ibada ya jioni, haijawahi kuvuja hata tone kwenye suti hii, na suti hii ndiyo ya ndoa yangu.

(Trekta linazimwa. Mzee Prodromos, akiwa bado juu yake: "Mwanangu Anestis, nilikwambia siku ya kwanza. Tundu ni moja, chini ya waya, karibu nao kama shavu na mto. Hewa ikipungua, unakabwa. Ikizidi, ladha inakimbia. Ukaniambia niyaandike kwenye fomu. Nimeandika fomu tatu. Nina wateja wangu wananingoja, mmoja Patra, mmoja Poland, kila mtu na kifua chake, na mimi nakaa nyumbani miezi kumi na tisa nikiwamenyea wajukuu machungwa. Daktari wa macho kanipa mwaka mmoja wa kuona nyuzi za skrubu, pengine miwili. Sitaki kiwanda. Nataka mashine yangu leo.")

Mzee wangu, nakuheshimu kama marehemu baba. Ila mashine hiyo imeshaingizwa kwenye rejista ya mali ya umma, na kuitoa kunahitaji azimio la kamati, azimio linahitaji akidi, na akidi inamhitaji Mwenyekiti wa Karidia, ambaye mmeona ameondoka na kofia yake. Hivyo mchakato uko katika hatua za mwisho, lakini hatua za mwisho za mwanzo.

(Mzee Prodromos: "Macho yangu hayana akidi.")

(Bi Sultana: "Fungua mlango, tuone hicho kiwanda kinachohitaji mashine ya mtu." "Fungua!" "Fungua!" Hata Zimamoto: "Fungua, Mheshimiwa!")

Ndugu zangu, utaratibu ni kwamba kwanza utepe ukatwe, na mkasi uko kwa Meya, na Meya yuko kwa daktari wa meno… (Padre Grigoris anasema kwa upole: "Anestis. Fungua.")

Sogeeni, basi. Sogeeni nizungumze kama mtu, karatasi hii niikunje. Ufunguo huu hapa. (Mlango unafunguliwa. Njiwa wawili wanatoka. Ndani mna mashine ya kukereza iliyofunikwa bendera, viti vya kanivali, na nyota ya Krismasi ya Manispaa.)

Mnaona. Mimi pia naona. Kila asubuhi nilikuja kuiona. Siku moja niliiwasha, nikidhani labda kazi si ngumu kama Mzee anavyoikuza. Ikazunguka kinyume, ikanikata tai nusu, nikakimbia nikawasha mshumaa kwa Mtakatifu Paraskevi. Hakuna hata mmoja katika kamati anayejua kuitumia. Tulipoichukua tulidhani mashine ndiyo inayojua kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kumaliza, niruhusuni nitoe shukrani za dhati. Nawashukuru wahandisi wa kiwanda hiki kwa kutokuja, maana hatukuwaita. Naishukuru kampuni iliyochora ramani, ambayo ni mimi na penseli ya mke wangu. Nawashukuru sana wafanyakazi arobaini na wawili kwa uvumilivu wao, kwa sababu mpaka leo hawajui kwamba wao ni wafanyakazi. Mmoja wao ni wewe Bi Sultana, Idara ya Pamba. (Bi Sultana: "Mshahara wangu uko wapi?") Uko mahali kilipo kiwanda. Nawashukuru wale wote waliosoma ripoti yangu ya mwezi uliopita, isemayo kwamba atomaiza elfu mbili zimekwisha kukerezwa, wakaiamini. Mungu anisamehe. Nilikuwa nimekusudia kulisema hili mapema katika hotuba, ila nilianzia mbali.

Vathirema oyee! (Oyee, kwa unyonge.) Mdomo kwanza! (Pafu baadaye!) Tundu moja! (Manispaa moja!) Nani kasema saba? (Wewe!)

Haya, Mzee Prodromos, rudisha trekta nyuma, polepole, kuna ngazi. Rejista nitaandika mimi mwenyewe kwamba mali imerudi kwa mwenyewe, na kamati ikitaka akidi ije inikute nyumbani nikila maharage. Zimamoto, shikeni huku. Padre, samahani, na wewe shika pale kwenye mguu, vua kwanza joho. Moja, mbili… Msiiburute! Inabebwa! (Mashine inapandishwa. Mzee Prodromos anaifungia mnyororo, anapitisha kiganja juu ya chuma, anapuliza vumbi.)

Neno la mwisho, Mzee wangu, kabla hujawasha, na hili silisemi kwa maikrofoni. Alhamisi anakuja mkaguzi wa Mkoa kukagua kiwanda. Nitampeleka hapa nimwonyeshe viti na nyota, nimwambie ukweli, na litakalonipata linipate. Lakini ningependa, kabla hajaandika kwamba huku hakuna kitu, nimlete dakika kumi hadi mlangoni kwako, aone chuma kinavyokerezwa na mtu anayejua, na nimwambie wazi kwamba hiyo si ya Manispaa, ni yako. Usinijibu hapa mbele za watu; kama utakubali, niandikie. Kama hutaki, niandikie pia, sitakulaumu. Ila leo ni Jumapili na Alhamisi si mbali, kwa hiyo nakuomba unijibu mapema.