Kitabu cha Kijani na Tangi la Matroni

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kuliko zote tangu nipandishwe cheo, na sijawahi kupandishwa cheo.

Mzee Chaki anastaafu mwisho wa mwezi. Ndiye mkuu wa chumba cha hesabu katika ofisi yetu ya uhandisi. Miaka thelathini anakokotoa nguzo na boriti, na mfukoni hakosi kipande cha chaki, hata akienda harusini. Chumba chake kina mlango. Mlango una kitasa. Mimi mwaka wa kumi na tisa huu nimekaa kwenye njia ya kwenda chooni. Kila mtu hunisalimia akienda. Akirudi hana habari na mimi.

Asubuhi Mkurugenzi alitukusanya. Alisema mkuu mpya atakuwa yule anayeweza kuwafundisha wenzake mbinu ya elementi, yaani ile ya kulikata jengo vipande vidogo vidogo ndani ya kompyuta, kukihesabu kila kipande, kisha kuviunganisha upya ili kuona jengo zima litajipinda wapi. Programu yenyewe tunayo tangu mwaka jana. Tunaitumia kama dereva asiyejua njia: tunafuata gari la mbele.

Wagombea wawili. Mimi, na mwenzangu wa meza ya dirishani, Desimali. Tunamwita hivyo kwa sababu ukimuuliza umbali wa kwenda dukani atakujibu mpaka nukta ya sita. Jumatano ijayo kila mmoja atapewa dakika ishirini kulieleza jukwaa la chuma la tangi la maji, lile la zahanati. Matroni wa zahanati atakuja kusikiliza mwenyewe. Tangi ni lake, na mkataba hajausaini.

Nimempa Desimali mkono. Nimemwambia mwenye uwezo na ashinde. Sikusema uwezo wa nini.

Jumanne, 5 Machi

Kabati letu la vitabu limejaa katalogi za mabati. Kitabu cha maana kuhusu mbinu hii ni kimoja tu: jalada la kijani, mgongo umeshikwa na gundi, majibu ya mazoezi yako nyuma. Kila mgeni akifika, Mzee Chaki humwambia aanze na cha kijani, mengine yatakuja yenyewe.

Nami nimeanza na cha kijani. Saa nne nilikitia ndani ya koti, nikatembea kama mtu mwenye maumivu ya mbavu. Kwenye daftari la kuazima niliandika jina la mwenzetu aliyeacha kazi miaka sita iliyopita. Kazi safi.

Alasiri Desimali alisimama mbele ya kabati muda mrefu, kama amefiwa. Akaniuliza kama nimekiona. Nikamwambia vitabu siku hizi vina miguu. Akacheka kwa adabu, akaenda kufuta miwani.

Nyumbani nimekificha kwenye kapu la vitambaa kando ya cherehani. Mke wangu ni fundi wa nguo, na sebule yetu ndiyo karakana. Akauliza ni nini. Nikasema siri ya kazi. Akakipima kwa mkono, akasema siri nzito namna hii itamfaa kukandamizia hariri isiteleze.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma! Ukurasa wa kwanza hadi wa nane ni shukrani na utangulizi. Nimeelewa kila neno. Ukurasa wa tisa una matriksi, namba zimepangwa safu kwa safu ndani ya mabano kama watu wa foleni isiyosogea. Nikafumba macho nitafakari. Mke wangu akaniamsha, akasema kitabu kimeshinda kwa pointi.

Hata hivyo akili haijalala. Desimali hana kitabu, basi nitamzamisha kwa vitabu. Nilichukua simu ya mke wangu (yangu haina chaji tangu asubuhi) nikakusanya kila nilichokiona mtandaoni chenye neno elementi: video, maelezo ya vyuo, kozi za miezi sita, mijadala ya watu wanaotukanana kuhusu pembetatu. Jumla arobaini na tatu. Sikufungua hata kimoja. Nikampelekea Desimali na salamu za upendo. Mtu akianza kuvipitia vyote atatokea upande wa pili akiwa mzee.

Ijumaa, 8 Machi

Kuna watu hawajui kuzama.

Desimali ameichapisha orodha yangu na kuibandika ukutani. Mkurugenzi ameisoma yote amesimama, kisha akatangaza kwamba hajawahi kuona mtu anayegombea cheo akamlisha mpinzani wake elimu kwa kijiko. Wenzangu wakanipigia makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Naujua unyenyekevu vizuri, nimeufanyia mazoezi miaka kumi na tisa.

Ila Desimali alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamemlowa. Akasema namba kumi na saba, yule mwalimu mwenye kikohozi, imemfungua macho. Amekuwa akitembea gizani, ndugu yangu, na mimi nimemwashia taa.

Namba kumi na saba! Sikumbuki hata ilikuwa nini.

Jumapili, 10 Machi

Siku tatu zimebaki na niko ukurasa wa tisa. Mke wangu alikuwa anakata gauni la bibi harusi. Akaniona nimeshika kichwa, akataka kujua ugonjwa uko wapi. Nikamwonyesha mchoro wa ukurasa wa thelathini na moja. Ajabu, utepe wake wa kupimia ulikuwa umelala hapohapo kama alama ya msomaji. Mchoro ni wa bamba la chuma lililogawanywa kama wavu, matundu makubwa katikati, madogo sana kwenye kona.

Akasema sasa hapo kigumu ni kipi, baba watoto. Akanionyesha gauni. Kwenye mshono ulionyooka pini zimeachana. Kwenye kwapa zimesongamana, kwa sababu hapo nguo ndipo inapogeuka na hapo ndipo inapochanika. Ukiweka pini chache penye kona, nguo itakudanganya. Ukizisongamanisha kila mahali utamaliza pini na harusi itapita.

Nikazihesabu pini za kwapa. Kisha nikamwambia kwa upole kwamba ndivyo nilivyokuwa nafikiria.

Akasema alikuwa anahisi hivyo, maana nilikuwa nafikiria kwa kukoroma.

Jumatatu, 11 Machi

Nimelichora jukwaa la Matroni kwenye programu. Miguu minne, boriti, tangi la tani kumi juu. Pini zangu, yaani wavu wangu, nimeusongamanisha kwenye kona kama gauni. Nikabonyeza hesabu. Jibu: jukwaa limeshuka kilomita elfu nne.

Nilikuwa natafuta kitambaa cha kufunika skrini Desimali alipopita akienda chooni. Aliinama, akaninong'oneza asije mtu akasikia: kaka, umesahau kuifunga miguu ardhini. Kompyuta haijui kama kuna ardhi mpaka uiambie. Nikaifunga. Jukwaa likashuka milimita sita.

Aliporudi, akanisalimia.

Hakuna kitu kinachokera kama adui mwenye roho nzuri.

Jumanne, 12 Machi

Nimefanya jambo. Ni dogo. Halina hata uzito wa pini.

Programu ikikuonyesha chuma kilivyojipinda, huukuza mpindo ili jicho liuone, maana milimita sita kwenye jukwaa la mita nne hazionekani. Unachagua mwenyewe ikuze mara ngapi. Desimali kachagua hamsini. Saa saba alipotoka kwenda kula nilifungua kompyuta yake. Nywila ni tarakimu za mwanzo za pai, ile ya duara. Ofisi nzima inajua. Hamsini nikaiongezea sifuri moja.

Hesabu yake sikuigusa. Mimi si mhalifu. Ila picha sasa ina jukwaa lililolegea kama ndizi iliyoachwa juani. Watu watacheka kidogo, Desimali atachanganyikiwa kidogo, nami nitaingia na gauni.

Jumatano, 13 Machi

Niandike taratibu.

Desimali alianza. Alieleza vizuri, nakiri, kila namba na nukta zake sita. Kisha projekta ikaleta picha. Ndizi, ukuta mzima, nyekundu katikati.

Hakuna aliyecheka.

Matroni alisimama. Mama mnene, mpole, ana sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha watu wasukume. Akauliza kama hicho ndicho wanachotaka kukiweka juu ya wodi yake. Akasema mwaka jana alizalisha kwa maji ya kubebwa na ndoo, na alikuja hapa akidhani mateso yamekwisha. Chini ya tangi hilo wanalala mama na watoto wa siku moja. Nyie wanangu mnanichorea msiba kwa rangi? Akachukua mkoba.

Desimali alifungua mdomo. Haikutoka hata desimali. Mkurugenzi alibadilika rangi, maana Matroni akitoka na mkataba unatoka, na chumba cha hesabu hakitahitaji mkuu kwa sababu hakitakuwa na hesabu. Nami niliona kitasa changu kinayeyuka. Niliona pia, nikisema kweli, ndoo za maji zikipanda ngazi za zahanati. Hilo sikulipangia.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema: mama, naomba ukae dakika tano, na mkoba usiuache mkononi, usije ukachoka.

Nikatandaza kitambaa mezani. Nikamwambia picha ile imekuzwa mara mia tano. Ni kama kumtazama mtu kwa kioo cha kukuzia ukasema ana pua kama ya tembo. Jukwaa lenyewe likibeba tangi limejaa linashuka milimita sita. Nikatoa penseli, nikamwambia haifiki hata unene wa hii. Akauliza hizo sita kasema nani, kompyuta ileile iliyochora ndizi? Hapo Mzee Chaki akanyanyuka bila kuitwa. Akatoa chaki mfukoni, akaandika mistari minne ubaoni na kupiga mstari chini ya jibu. Sita na kitu. Akarudi kukaa.

Kisha nikachomeka pini. Mbali mbali paliponyooka, karibukaribu kwenye kona, nikieleza kwamba pale mguu unapokutana na boriti ndipo chuma kinapogeuka, ndipo kinapoweza kuchanika, ndipo tunapokikagua kwa vipande vidogo kabisa. Matroni aliinama. Akauliza kuhusu kona moja. Nikamjibu. Akauliza nyingine. Nikamjibu tena, na sijui majibu yalikuwa yanatoka wapi, lakini yalikuwa ya kweli, Mzee Chaki alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Akasema hajawahi kuelewa fundi yeyote anazungumza nini mpaka leo. Akasaini mkataba juu ya kitambaa, kati ya pini.

Makofi! Mkurugenzi alinikumbatia. Desimali naye alinikumbatia. Akaniuliza tu jambo moja, kwa heshima: nilijuaje, kwa kutazama tu, kwamba picha imekuzwa mara mia tano, wakati yeye mwenyewe alikuwa anadhani ni hamsini?

Nikamwambia ni uzoefu.

Alhamisi, 14 Machi

Ni mimi. Barua imebandikwa ukutani, juu ya orodha yangu. Mkuu wa chumba cha hesabu!

Desimali ndiye aliyeomba awe msaidizi wangu. Amesema kukaa karibu na mtu anayeona mia tano kwa jicho tupu ni bahati. Nimekubali, kwa sharti kwamba meza yangu ya zamani aichukue yeye. Hajanuna. Amefurahi kuwa atasalimiwa.

Kuna kasoro ndogo. Mkurugenzi ameagiza kila Jumatatu niwafundishe wote saa nzima, sura kwa sura, kutoka kitabu cha kijani, mara kitakapopatikana. Amemwandikia yule aliyeacha kazi miaka sita iliyopita akirudishe.

Ijumaa, 15 Machi

Nimefunga mlango mara kumi na moja. Nimeufungua mara kumi na moja. Kitasa kinalia kidogo, mlio mtamu.

Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikamweleza mke wangu tena habari ya Jumatano, mara ya tano, naye akashona bila kuinua kichwa. Alipofika mwisho wa mshono aliniuliza kwa nini ukurasa wa mia na arobaini wanatumia pembetatu mahali ambapo pembe nne ingetosha. Amefanya mazoezi yote. Mawili, anadai, majibu ya kitabu yamekosewa, na angependa siku moja aje ofisini amwulize Mzee Chaki kabla hajaondoka.

Aje ofisini. Akae kwenye kiti. Aulize, Mkurugenzi akisikia.

Alipokwenda kumpokea mteja mlangoni nilikichomoa kitabu kwenye kapu, nikakisukuma uvunguni nyuma ya masanduku. Aliporudi akakitafuta, akaniuliza kama nimekiona. Nikamwambia vitabu siku hizi vina miguu.

Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko Desimali alivyolitazama kabati. Kisha akakaa kwenye cherehani, akachukua simu yake, akasema haidhuru, ataendelea na yule mwalimu mwenye kikohozi.

Jumatatu natoa orodha mpya. Itakuwa na vitu themanini na sita, na namba kumi na saba haitakuwemo.