Hata Mzuka Huamkiwa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mjukuu wangu Kija anatengeneza mchezo wa kutisha, wa kusikiliza kwenye simu. Podikasti, anauita. Mhusika mkuu ni bibi kizee, mzuka anayetoka ziwani. Nafasi kampa nani? Wilhelmina, jirani! Eti ana sauti ya kwaya. Mimi niliyemfokea Kija miaka ishirini hapa Pasiansi sina sauti? Tutaona.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimempelekea Wilhelmina dagaa wa kukaanga. Pilipili nusu kopo, sauti imkauke. Kala wote. Kalamba na sahani! Jioni anakwaruza kama gunia linaloburutwa. Kija karuka kwa furaha: hiyo sasa ndiyo sauti ya mzuka! Dagaa wangu wamepotea bure.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwambia Wilhelmina katekista hataki wanakwaya waigize mizuka. Hajasema hivyo. Ila akiulizwa anaweza kusema. Wilhelmina kajitoa, machozi yanamlenga. Nafasi yangu! Roho ilinisuta kidogo. Nikanywa uji, ikatulia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Tumerekodi chumbani kwa Kija, magodoro ukutani. Masele fundi baiskeli ndiye anayetokewa. Nikanguruma: nani kavua samaki juu ya kaburi langu! Masele akapiga yowe, akakimbia. Nikamrudisha. Mtu mzima mzima, unamwona bibi unapita bila shikamoo? Akaamkia. Nikaitika marahaba, nikamuuliza mguu wa mama yake unaendeleaje. Kija akasema, bibi, wewe umekufa. Nikamwambia kufa hakujanipunguzia umri. Tumerudia mara saba. Sasa Masele anaamkia mwenyewe, yowe kasahau.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya misa katekista kamuuliza Wilhelmina mchezo unatoka lini, anausubiri kwa hamu. Mbele yangu! Wilhelmina kaniangalia. Kija kaniangalia. Mimi nikaangalia viatu. Wilhelmina akacheka mpaka akashika nguzo, akasema adhabu yangu ni kumkaangia dagaa wengine, pilipili ileile.

Karudishiwa mzuka wake. Kija akanikumbatia, akasema bila mimi chumba kinapooza. Kanipa maiti. Haongei. Hata kupumua hapumui.

Nimekubali. Maiti ni mtu muhimu, bila yeye hakuna msiba.

Ila hakuna aliyesema maiti hakohoi. Nusu ya kopo la pilipili bado ninayo. Nitailamba kabla ya kulala chini, tuone nani atamsikiliza Wilhelmina.